Sauti nzito ya msichana ikae wapi? Historia ndogo ya kuchagua mchezo wa nyimbo



Zamu ya kuandika mwezi huu ni yangu, na mada imetoka kwenye ugomvi. Jumamosi iliyopita tulikaa nje ya ukumbi, watu kumi na wanne, kuchagua mchezo wa nyimbo ambao vijana wa sekondari wataucheza tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Mchezo wa nyimbo ni lile igizo ambamo watu wanaongea, na maneno yakiwazidi wanaimba na kucheza, hadithi ikiendelea. Tukahesabu waliojiandikisha: wasichana tisa, wavulana watano. Mwalimu wa kwaya akabonyeza kinanda, kila mtu akaimba kidogo. Hapo ndipo shida ikaonekana. Katika wale wasichana tisa, sita wana sauti nzito. Na kila mchezo uliotajwa pale ulikuwa na binti mrembo mmoja anayeimba juu kama ndege, halafu wengine wote ni wanakijiji wa kusimama nyuma.

Mmoja wa wale sita ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Shule aliyosoma mwanzo, kwenye kwaya, aliambiwa: "Wewe sauti yako ni ya kiume. Nenda usimame na watu wa tena, ama ushike kayamba." Akashika kayamba, miaka miwili. Jumamosi ile zamu yake ilipofika akasema, "Yaya, mimi nitasaidia kubeba viti."

Nilirudi nyumbani na moyo mzito, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani aliamua kwamba msichana wa kwenye mchezo lazima aimbe juu. Jibu ni refu kuliko nilivyodhani, na mwisho wake ulinirudisha palepale, tarehe 16 Juni.

JINA LENYEWE LINACHEKESHA

Wanakwaya mnajua mpangilio: soprano ni sauti ya kwanza, alto ya pili, tena ya tatu, besi ya nne. Alto ndiyo sauti ya chini ya wanawake. Lakini neno "alto" ni la Kiitaliano, na maana yake ni "juu". Kwa nini sauti ya chini iitwe "juu"?

Kwa sababu haikuanza kuwa ya wanawake. Karne nyingi zilizopita, katika makanisa ya Ulaya, wanawake hawakuruhusiwa kuimba kwenye kwaya kubwa za kanisa. Sauti za juu kabisa waliimba watoto wa kiume. Kisha kulikuwa na wanaume waliopandisha sauti zao juu ya tena, na sehemu yao ndiyo ikaitwa ya juu, alto. Miaka ikapita, wanawake wakaingia kwenye kwaya, wakapewa sehemu ile na jina lake likabaki. Kwa hiyo mtu akimwambia msichana wa alto kwamba amesimama mahali pa wanaume, kwa historia hajakosea sana. Ila dada zetu walishakichukua kiti hicho zamani, na hakuna wa kuwainua.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kusubiri Ulaya itufundishe. Bi Kidude wa Zanzibar, jina lake Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na aliimba taarabu, akapiga ngoma, akafundisha wasichana unyago. Mwaka 2005 alipewa tuzo kubwa ya kimataifa ya WOMEX. Sauti ile ile ambayo kwaya fulani ingeipa kayamba ilizunguka dunia.

KUTOKA SHUJAA HADI MCHAWI

Turudi Ulaya, maana huko ndiko mchezo wa nyimbo ulikopata babu yake, opera. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mtunzi Mwitaliano Gioachino Rossini aliwapenda wanawake wa sauti nzito. Mwaka 1813 aliandika Tancredi, ambamo askari shujaa, mwanaume kabisa katika hadithi, anaimbwa na mwanamke wa sauti ya chini. Rosina wa Il barbiere di Siviglia, mwaka 1816, msichana mjanja anayependwa, aliandikiwa sauti nzito. Hata yule binti wa jikoni anayeolewa na mwana wa mfalme, katika La Cenerentola ya mwaka 1817, aliandikiwa sauti nzito.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Ujana na mapenzi vikahamia kwenye sauti ya juu. Mwenye sauti nzito akabaki kuwa mama, mlezi, adui wa mapenzi, ama mchawi. Katika Il trovatore ya Giuseppe Verdi, mwaka 1853, soprano ndiye mpenzi, na sauti nzito ni Azucena, mama mwenye kisasi. Uingereza, W. S. Gilbert na Arthur Sullivan walitunga michezo ya kuchekesha iliyochezwa baadaye na mashule mengi sana. Mwanamke wa sauti nzito humo karibu kila mara ni mzee anayetafuta mume kwa nguvu, na watu wanamcheka. Katisha wa The Mikado, mwaka 1885, ni mfano mzuri. Michezo hiyo ikaingia shuleni na desturi yake: msichana mwembamba wa sauti ya juu anapendwa, wa sauti nzito anavalishwa mvi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Marian Anderson wa Marekani, Mwafrika-Mmarekani, mmoja wa waimbaji wakubwa wa sauti nzito waliowahi kuishi. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ya rangi yake. Tarehe 9 Aprili mwaka huohuo akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Halafu akasubiri miaka mingine kumi na mitano na ushee. Januari 1955 ndipo akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi katika opera kuu ya New York, Metropolitan. Alikuwa na miaka 57. Na nafasi yenyewe? Ulrica, mpiga ramli. Mlango uliofunguliwa kwa sauti ile, hata siku ya ushindi, ulikuwa bado ni mlango wa mchawi.

NEW YORK: SAUTI YA KIFUANI

Kwenye michezo ya nyimbo ya New York, ile ya mitaa ya Broadway, mambo yalianza kulegea mapema kidogo. Mwaka 1930 Ethel Merman aliimba katika Girl Crazy kwa sauti ya kifuani, sauti ya nguvu kama ya mama anayeita watoto kutoka ng'ambo ya bonde, na watu wa kiti cha mwisho walimsikia bila kipaza sauti. Watunzi wakagundua kwamba mwanamke anaweza kubeba mchezo mzima bila kupanda juu kama ndege.

Hapa nitapita haraka, nitaje tu nafasi ambazo mtu wa alto anaweza kuzifanyia kazi. Nancy katika Oliver!, uliofunguliwa London mwaka 1960. Dolly katika Hello, Dolly!, mwaka 1964, aliyechezwa kwanza na Carol Channing mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Na Fiddler on the Roof wa mwaka huohuo 1964, ambao nadhani wengi wetu tungeuelewa bila kufafanuliwa: familia ya Kiyahudi katika kijiji cha Urusi mwaka 1905, watu wenye mila zao, na mwishoni amri inakuja kwamba wote wahame, wanafunga mizigo kwenye mkokoteni. Mama wa nyumba, Golde, ni alto. Mshenga wa kijiji, Yente, alichezwa kwanza na Bea Arthur, mwanamke aliyejulikana kwa sauti yake nzito mno.

Lakini mnaona tatizo? Golde ni mama. Yente ni bibi. Msichana wa miaka kumi na saba mwenye sauti nzito anaendelea kuvalishwa kitenge cha mama yake. Nikajiuliza, hakuna mchezo ambamo msichana anaimba kwa sauti yake ya chini na bado ni msichana, mwanafunzi, mtu wa umri wake?

Upo. Na wengi wetu tumeuona kwenye kibanda cha video.

JOHANNESBURG, NA NJIA YA WAKIMBIZI

Tuanze mwaka 1959. Johannesburg ulifunguliwa mchezo wa nyimbo uitwao King Kong, muziki wa Todd Matshikiza, wachezaji weusi watupu, kuhusu maisha ya bondia Ezekiel Dlamini. Mwanamke mkuu, Joyce, mwenye kilabu cha pombe, alichezwa na Miriam Makeba. Joyce hakuwa binti mfalme. Alikuwa mwanamke wa mtaa, mwenye biashara yake na kauli yake, na muziki wake ulikuwa jazi ya mtaani, ambayo haimdai mtu apande mpaka shingo ikamtoka mishipa.

Mchezo ule ukawa pia mlango wa kutokea. Makeba aliondoka Afrika Kusini mwaka huohuo 1959, na mwaka uliofuata, alipotaka kurudi kumzika mama yake, pasipoti yake ilikuwa imefutwa. Alirudi nyumbani mwaka 1990. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta, aliyekuwemo kwenye bendi ya mchezo ule, alitoka mwaka 1960. Mwaka 1961 King Kong ulipelekwa London, na baadhi ya wasanii wake hawakurudi. Jonas Gwangwa, mpiga tromboni, naye akawa mtu wa uhamishoni kwa karibu miaka thelathini.

Sasa njoo tarehe 16 Juni 1976. Maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Polisi wakapiga risasi. Hector Pieterson aliuawa akiwa na miaka 12. Ile picha mnayoiona kila mwaka kwenye mabango, kijana anambeba Hector na dada yake Hector anakimbia pembeni, ilipigwa na Sam Nzima. Kijana aliyembeba ni Mbuyisa Makhubo. Baadaye alilazimika kukimbia nchi. Mama yake alipata barua yake kutoka Nigeria mwaka 1978, na baada ya hapo hakusikia tena. Tsietsi Mashinini, kiongozi wa wanafunzi kutoka shule ya Morris Isaacson, naye alikimbia, akafia Guinea mwaka 1990 bila kuiona Soweto tena.

Yaani watoto wa tarehe 16 Juni, wale ambao kwa ajili yao tunapewa tisheti na soda kila mwaka, wengi wao walikuwa wakimbizi. Kwenye sherehe zote nilizohudhuria, sijawahi kusikia mtu akilisema hilo kwenye kipaza sauti.

Walikimbilia wapi? Wengine Botswana, Swaziland, Msumbiji, Angola. Wengine walifika Tanzania, na huko Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi ya kujenga shule. Ilianza mwaka 1978, na ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 1979. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Vijana wengine wa ANC waliokuwa kambini Angola wakaunda kikundi cha sanaa kiitwacho Amandla, na katika miaka ya 1980 mkurugenzi wake alikuwa nani? Jonas Gwangwa, yule yule wa King Kong. Waliimba, wakacheza, wakaigiza historia yao, wakatembezwa nchi nyingi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mchezo wa nyimbo ni anasa, kambini kuna mambo ya maana zaidi, tumwonyeshe Amandla.

SARAFINA!

Juni 1987, katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, ubaguzi wa rangi ukiwa bado unatawala, Mbongeni Ngema alifungua Sarafina!. Nyimbo alizitunga mwenyewe pamoja na Hugh Masekela, ambaye alikuwa bado uhamishoni. Wachezaji walikuwa vijana kutoka mitaa ya watu weusi, ambao Ngema aliwafundisha mwenyewe. Januari 1988 mchezo ukafika Broadway, ukachezwa karibu mara 600. Mwaka 1992 ikatoka filamu, akiwemo Leleti Khumalo kama Sarafina, Whoopi Goldberg kama mwalimu, na Miriam Makeba kama mama yake Sarafina. Ngema alifariki katika ajali ya gari Desemba 2023.

Hadithi inatokea sekondari, Morris Isaacson yenyewe. Wanafunzi wanaandaa onyesho la shule kuhusu siku ambayo Mandela atatoka gerezani, wakati Mandela bado yuko ndani. Na anayechukua nafasi ya Mandela ni msichana, Sarafina.

Sasa kuhusu sauti. Muziki wake ni mbaqanga, muziki wa mitaa ya Soweto, na nyimbo za maandamano. Ni muziki wa kuitikiana: mmoja anarusha, kundi linadaka. Sauti za kike zinapangwa tabaka kwa tabaka, kama walivyofanya Mahotella Queens tangu mwaka 1964, na tabaka la chini ndilo sakafu. Likitoka, wimbo wote unaning'inia. Wanaimba kwa kifua, kama watu wanaoandamana. Hakuna binti mmoja wa juu na wanakijiji nyuma yake. Nyimbo zinagawanywa kwa darasa zima, na msichana mwenye sauti nzito anaimba akiwa amevaa sare ya shule, bila mvi za unga kichwani.

LAKINI TUSIJIDANGANYE

Kwenye kikao, mfanyakazi mmoja wa shirika aliyekuwa mgeni wetu alisema tuchague kitu cha furaha. Wenzangu wengine walimkasirikia. Mimi nilipoitazama filamu tena, nilimwelewa. Kuna askari wenye bunduki darasani, kuna wanafunzi wanaoteswa, kuna mtu anayechomwa moto. Kati yetu kumi na wanne, wapo ambao hawahitaji kuigiza mambo hayo ili kuyajua. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba jambo hili lisiamuliwe kwa kelele. Kila mchezaji aulizwe peke yake, awepo mshauri anayeaminika, na mtu akisema "tukio hili mimi hapana", asiulizwe kwa nini.

La pili, michezo hii ina wenyewe. Kuicheza mbele ya watu kunahitaji ruhusa ya wenye haki, mara nyingi na malipo. Hapa ndipo wafanyakazi wa mashirika mnaweza kutusaidia kwa barua, kuliko tisheti.

Na tukikosa Sarafina!, kuna njia mbili nyingine. The Lion King, mwaka 1997, ambapo mwongozaji Julie Taymor alimgeuza Rafiki kuwa mwanamke, nafasi inayotaka sauti ya kifua, na nyimbo za kwaya zake nyingi ni kazi ya Lebo M, aliyetoka Afrika Kusini akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Nyingine ni Once on This Island, mwaka 1990, hadithi ya kisiwa cha Karibi, mtoto aliyeokolewa kwenye mafuriko akalelewa na wazee wasiomzaa. Ina Asaka, mama wa ardhi, mwenye sauti ya kutosha, na ina Papa Ge, pepo wa kifo, ambaye mwaka 2017 New York alichezwa na mwanamke. Yote miwili ina matoleo mafupi ya shule.

Kwa mtakaochagua mchezo huko mliko, Nakivale, Kakuma, Nyarugusu, Dzaleka au mjini, nawaomba mgeuze utaratibu. Sisi tulianza na mchezo, halafu tukatafuta wa kuujaza. Anzeni na watu. Andikeni kila mmoja anashuka hadi wapi na kupanda hadi wapi bila kuumia koo. Kisha angalieni, nyimbo za wasichana zinatembea wapi? Wasichana wangapi wana jina kwenye hadithi, na wangapi ni umati tu? Na msimbadilishie msichana ufunguo wa wimbo kimya kimya bila kuuliza wenye haki, maana wengine hawaruhusu.

TULIPOFIKIA

Jumamosi hii tulikutana tena. Nikawasomea haya, kwa kifupi. Tukapiga kura: kumi walitaka tuombe ruhusa ya Sarafina!, wanne walikataa, na hao wanne tukakubaliana kwamba hawatalazimishwa kwa lolote. Tukingoja jibu, tutatunga kipande chetu cha dakika ishirini kuhusu safari ya watoto wa Soweto baada ya tarehe 16, ile sehemu isiyosemwa: mpaka, msitu, shule ya Mazimbu, barua kutoka Nigeria. Nyimbo zitakuwa zetu, hazina wa kuombwa ruhusa.

Mwalimu wa kwaya akauliza nani ataimba ile barua. Anaitaka sauti ya chini, akasema, maana aliyeiandika yuko mbali. Pakawa kimya. Mdogo wangu akaniangalia mimi, akaangalia chini, halafu akauliza, "Mwalimu, inaanzia noti gani?"

Kayamba sasa iko kwa mvulana mmoja wa tena. Anaipiga vibaya, tunamfundisha.

Na wewe, kwenye kwaya yenu wasichana wa sauti nzito wanasimama wapi? Tuandikieni hapa chini, hata kwa mistari miwili.